Aliyesimama Mbele ya Jeti

Fundi wa friji hakuwa na machozi ya karibu. Mkewe alipozikwa, wapo waliomwangalia macho yake makavu wakanong'onezana kwamba mtu huyu hata moyo wake ameutia kwenye jokofu. Waache waseme, mdomo wa mtu haufungwi kwa kamba. Wasemaji hao hawakuwepo asubuhi aliyopaza sauti kutoka karakana, "Mkasi mdogo uko wapi?", kisha akabaki amesimama akingoja kujibiwa.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na ilikuwa ya wawili. Upande wa mlangoni zilipangwa friji za wateja, migongo wazi, mabomba ya shaba yakichungulia. Upande wa dirishani ilikaa cherehani ya marehemu, ambaye alikuwa mshonaji. Katikati ilikuwepo meza ndefu ya kukatia nguo, na juu ya meza hiyo, chini ya shuka, ililala jeti.

Usicheke. Ndiyo, mshonaji na mtengeneza friji walikuwa wakirusha ndege za rimoti, na walianza mchezo huo kichwani mna mvi. Ilianza siku mteja mmoja alipoleta ndege yake ipimwe, ashonewe mfuko wa kuibebea. Mama wa watu aliipima mabawa kwa utepe, taratibu, kama anayempima bibi harusi. Mteja alipoondoka akamgeukia mumewe.

"Bwana Friji, hivi ile ndege si ni lile povu gumu unalolitupa kila siku?"

Alikuwa hajakosea. Friji mpya huja imekumbatiwa na povu hilo jeupe, na fundi alikuwa amelitupa miaka nenda miaka rudi bila kujua anatupa mabawa. Tangu hapo halikutupwa tena hata kipande. Mke alikata kwa waya wa moto, mume akafunga mota na betri. Ndege ya kwanza iliangukia paa la jirani. Ya pili ilipaa vizuri sana, ila haikutaka kushuka, na mpaka leo haijulikani ilikoishia.

Kila ndege waliikagua kwa mtindo wao. Ukingoni mwa kila bawa kuna kibao chembamba kinachopanda na kushuka, ndicho kinachoilaza ndege upande huu au ule. Wao vibao hivyo waliviita masikio. Ndege ikitakiwa ilalie kulia, sikio la kulia hupanda na la kushoto hushuka. Yakifanya kinyume, ndege nayo itafanya kinyume, na hapo hakuna ufundi utakaoiokoa. Kwa hiyo kabla ya kurusha, mezani kwanza na tena uwanjani, mume alisimama nyuma ya mkia ameshika rimoti, mke akasimama mbele ya pua.

"Kulia," mume aliita.

"Sikio lako la kulia limepanda," mke alijibu.

"Kushoto."

"La kushoto limepanda. Rusha, Bwana Friji, jua linatuunguza."

Alisema "lako" makusudi, kwa kuwa yeye alitazamana na ndege na mkono wake wa kulia ulikuwa upande mwingine. Alikuwa ameizoea hesabu hiyo kwa kusimama mbele ya wateja na pini mdomoni. Mshonaji husema kulia kwa mvaaji, si kwa mwenye sindano. Na aliyeshika rimoti hakuruhusiwa kujikagulia. "Mwenye rimoti huona anachotaka kuona," mke alizoea kusema. "Aliye mbele huona kilichopo." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Fundi hakuwahi kuivunja, wala hata siku moja hakuwahi kusimama upande ule wa pua. Kule kulikuwa kwa mkewe, kama ulivyokuwa upande wa ukutani wa kitanda.

Jeti ilikuwa ndoto ya mke. Hii haikutoka kwenye povu la friji. Binti yao, anayeendesha pikapu ya kusambaza mikate, ndiye aliyeiagiza, ikaja vipande vipande ndani ya boksi. Haikuwa na pangaboi puani kama nyingine. Feni yake imefichwa tumboni: huvuta hewa kwa mbele na kuisukuma nje kwa mkiani, huioni, unaisikia tu ikipiga mluzi kama birika lililochemka. Mke alipoishika mara ya kwanza aliicheka mpaka akakaa chini. "Feni tumboni! Bwana Friji, wameota mabawa ndugu zako."

Ugonjwa ukaja kabla gundi ya kwanza haijakauka. Alifanya alichoweza akiwa ameegemezwa mito. Alifunga mota ndogo za masikio, akapitisha nyaya, akaunganisha rimoti na kuipanga kama inavyotakiwa. Aliposhindwa hata kukaa, alimwita mumewe.

"Limebaki kuunganishwa bawa, na feni, na betri. Usije ukaifanya pambo la kabati. Irushe, hata mara moja."

"Tutairusha," mume alisema.

"Utairusha," mke akamsahihisha.

Sasa fundi hakuwa na jingine alilolitaka duniani. Ndege ipae, mara moja tu, kazi ya mwisho ya mikono ile ionekane angani. Binti alipopita jioni, mikate imekwisha garini, alimkuta ameinamia meza na miwani imemshuka puani.

"Baba, nikusaidie nini?"

"Kapumzike, mwanangu. Umechoka."

Binti akavuta kiti cha dirishani, kile cha cherehani.

"Hicho kiache," baba alisema bila kuinua macho.

Binti akakirudisha pale pale kilipokuwa. Alikuwa amefiwa na mama, lakini nyumba ile ilikuwa na mfiwa mmoja tu, naye alikuwa haachii nafasi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na baba yake mzazi alikuwa anauona wa kwake peke yake kuwa ndio mzito. Binti akachemsha chai, akaiweka mezani, akaenda zake.

Fundi aliifanya kazi kwa adabu. Feni aliizungusha kwa kidole, akaona panga lake moja linazidi mengine uzito, akabandika kipande cha tepe kidogo kama ukucha wa mtoto upande wa pili, akazungusha tena mpaka ikatulia, maana feni inayoyumba huitikisa ndege hadi ikafunguka. Gundi alitumia ile isiyokula povu. Aliliunganisha bawa, akaliwekea vitabu juu ya kitambaa lisinyanyuke. Mwisho akaiinua jeti kwa ncha za vidole viwili, chini ya mabawa, akaisogeza betri mbele kidogo, tena kidogo, hadi pua na mkia vikakaa sawa. Hapo akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

Ukabaki ukaguzi. Akasimama nyuma ya mkia, akashika rimoti. "Kulia," akaita.

Friji moja ikaguruma na kunyamaza.

Sheria ni sheria. Mwenye rimoti huona anachotaka kuona. Basi akaizunguka meza, rimoti mkononi, akaenda kusimama mbele ya pua, mahali pa mkewe. Alitazama kutoka pale, akaona karakana ambayo hakuwahi kuiona. Aliuona mlango unavyoleta mwanga wa barabarani. Akaiona stuli yake mwenyewe kule ng'ambo, na kalenda iliyopinda juu yake, ambayo mkewe alimwambia mara nyingi ainyooshe naye akidhani anasumbuliwa bure. Hivi ndivyo mkewe alivyokuwa akikiona chumba hiki. Hivi ndivyo alivyokuwa akimwona yeye, siku zote zile. Macho yakajaa maji yaliyokataa kushuka.

Kwa macho hayo hayo akasukuma kijiti cha rimoti kulia. Sikio lililokuwa upande wa mkono wake wa kulia likashuka.

Akarudia. Likashuka tena.

Aliiweka chini rimoti, akakaa juu ya friji ya mteja. Mke wake, ambaye hakuwahi kukosea hata pindo la gauni, alikuwa amekosea. Akazikumbuka siku zile za mwisho, dawa zilivyomlegeza, vidole vilivyotetemeka hata kushika kikombe. "Si neno, mke wangu," alisema kwa sauti. "Ulikuwa mgonjwa." Akaifungua rimoti, akaitafuta swichi ndogo ya kugeuza mwendo wa masikio, akaigeuza. Akakagua tena pale pale aliposimama: kulia, likapanda. Aliifunika jeti kwa shuka akijiona amemsitiri mkewe, na wala hakukusudia kumwambia mtu.

Binti ndiye aliyewapeleka, baba yake na jeti, kwa pikapu yenye harufu ya mikate, hadi uwanja wa lami wa kiwanda kilichofungwa. Nyasi zilikuwa zimeota kwenye nyufa, na ng'ambo kulikuwa na ukuta wa matofali. Upepo ulikuwa mdogo. Fundi alivaa shati aliloshonewa na mkewe, lile la mifuko miwili, mmoja wa bisibisi.

Waliiweka jeti chini, ikasimama kwa magurudumu yake. Binti akaizunguka, akasimama mbele ya pua.

"Nisimame hapa, Baba? Kama Mama?"

"Toka hapo," fundi alisema. Kisha, kwa upole kidogo, "Nimeshakagua. Njoo huku nyuma."

"Lakini Mama alikuwa anasema..."

"Najua alichokuwa anasema. Hapo ni mahali pake."

Binti aliondoka pale, akasimama kando, mikono ameifumbata. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini nani atamwambia hayo mtu aliyeshika rimoti.

Feni ikaanza kupiga mluzi. Jeti ikajongea, ikakimbia, ikainua pua, magurudumu yakaiacha lami. Ilipaa. Kwa muda wa pumzi moja ilikuwa pale juu, nyeupe, kazi ya mshonaji, na fundi alisikia kifua chake kikifunguka. Upepo ukaigusa, ikalalia kushoto kidogo, jambo la kawaida kabisa. Akasukuma kijiti kulia ili ainyooshe. Ikazidi kulalia kushoto. Akasukuma zaidi. Ikapinduka, tumbo juu, ikashuka na mluzi wake wote mpaka kwenye lami.

Mlio wa kuvunjika kwa povu ni mdogo, haufanani na hasara. Fundi alizima feni. Alisimama pale pale.

"Mama yako alichanganya nyaya," alisema. "Nilimrekebishia, lakini bila shaka kuna kingine alichanganya. Mikono ilikuwa imemwishia." Kisha akasema jambo ambalo angelipa chochote alirudishe mdomoni: "Heri angeniachia mimi tangu mwanzo."

Maneno yalimchoma binti, yakaonekana yamemchoma. Alienda kwenye mabaki, akayasimamisha kwa magurudumu yaliyobaki. Bawa la kushoto lilikuwa limekatika shinani na pua imepondeka, lakini bawa la kulia lilikuwa zima, na taa ndogo ya betri ilikuwa bado inawaka. Alichutama mbele ya pua ili aichomoe betri.

Kidole gumba cha fundi kilikuwa bado juu ya kijiti. Hata hakujua kwamba amekisogeza, na mdomo nao ukaita wenyewe, kwa mazoea.

"Kulia."

Binti aliinua kichwa. Alikuwa amekua akiyasikia majibizano yale, aliyajua kama mtu anavyojua sala.

"Sikio lako la kulia limeshuka, Baba."

"Limepanda."

"Limeshuka. Rudia."

Akarudia.

"Limeshuka," binti alisema.

Fundi alikuwa nyuma ya mkia, mahali pake, ambapo kulia kwa ndege ni kulia kwake, na kwa mara ya kwanza siku ile akatazama. Sikio lilikuwa chini. Akaukumbuka mlango wa karakana, na stuli ya ng'ambo, na kalenda iliyopinda, na mkono wake wa kulia uliokuwa upande wa kushoto wa ndege. "Lako," mkewe alisema kila mara, lako, lako, na yeye alikuwa akidhani ni maringo tu ya kuzungumza. Mkewe alikuwa amepanga kila kitu sawasawa, mgonjwa, ameegemea mito. Aliyekuja kuharibu ni mtu mzima mwenye mikono miwili mizima.

Aliifungua rimoti. Akaigeuza swichi na kuirudisha alipoiacha mkewe.

"Kulia," aliita.

"Sikio lako la kulia limepanda."

"Mama yako hakukosea," fundi alisema. Akarudia, kama mtu anayejaribu kulisikia jina lake mwenyewe. "Hakukosea kitu. Nimekosea mimi, kisha nikamsingizia."

Ndipo machozi yaliyokataa makaburini, yakakataa na kule karakana, yakaja yote kwa mpigo. Alilia wima, kwa sauti, rimoti imemning'inia shingoni kwa mkanda wake. Binti akainuka aje kumshika.

"Kaa hapo hapo," baba alimwambia. "Usitoke hapo, mwanangu. Nakuomba."

Binti akarudi kuchutama mbele ya pua iliyopondeka. Baba akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kulia."

"Limepanda, Baba."

"Kushoto."

Bawa la kushoto lilikuwa kwenye lami, mbali kidogo nao. Binti alilitazama, akamtazama baba yake.

"La kushoto halipo," alisema.

"Haya," fundi alisema, akaita tena, "Kulia," na binti akajibu, na wakaendelea hivyo mpaka betri ikaisha.