Ndagala kwenye Uwanja wa Leta

Rosette alifika kwenye uwanja wa kuanika, beseni moja kichwani na lingine kwenye nyonga, maji ya samaki yakimchuruzika shingoni, akakuta senyenge. Ilikuwa imezungushwa usiku. Nguzo zilikuwa bado mbichi. Ndani yake mlinzi asiyemjua alikaa kwenye kiti cha plastiki, akitafuna muwa.

"Kupita hapana, mama. Hapa iko parcelle ya mutu."

"Mutu gani?"

"Uliza ku biro."

Sasa mtu aelewe. Ndagala ni dagaa, si mihogo, hawangoji mtu. Wakitoka majini alfajiri, jua la asubuhi liwakute wameshatandazwa. Ukikawia nao hadi adhuhuri wanalainika, matumbo yanapasuka, na jioni hata bata hawataki. Tena hao ndio walikuwa wa mwisho. Mwezi ulikuwa umejaa, na mwezi ukijaa wavuvi wa hapa Baraka hawaendi ziwani, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Mabeseni yale mawili ndiyo yangemvusha Rosette na watoto wake hadi giza lirudi. Nyumbani hakukuwa na kitu kingine.

Na kwingine kote ufukoni ni mawe na matete. Hata uwanja ule haukuumbwa uwanja, ulikuwa mawe matupu. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, wakati wa salongo, ile kazi ya umma isiyo na malipo, wanawake waliyabeba mawe yale migongoni wakayatupa mbali, wakaleta mchanga kwa makarai. Jirani yake Pulchérie aliumia pale, mpaka leo anatembea ameinama. Na biro, ofisi ya Leta, yaani serikali, ilileta nini? Ilileta kibao: MALI YA UMMA. Asubuhi ile kibao chenyewe kilikuwa ndani ya senyenge, kimelala kifudifudi.

Rosette hakurudi nyumbani. Yeye, Pulchérie na wenzao waliokuwa na mabeseni walipanda barabara hadi biro. Mlangoni alisimama Henri, polisi kijana aliyezoea kuonjeshwa ndagala wa Rosette kila alipopita ufukoni.

"Chef iko mu réunion, bamama. Mungojee."

Wakangoja. Mkutano wenyewe walikuwa wanausikia dirishani: vicheko, na vizibo vya chupa vikifunguliwa. Jua likapanda. Nzi wakaja. Pulchérie akaingiza kidole katika beseni lake, akakinusa.

"Banaanza kulegea," alisema.

Rosette aliukazia macho mlango. Angekuwa na nguvu, angeung'oa ule mlango.

Jua lilikuwa karibu utosini chef, mkuu wa biro, alipotoka, kijiti mdomoni. Jina lake Casimir, na mikutano ya kampeni ilipokuwa ikifanyika alikuwa akiwaita wanawake hawa mama zangu.

"Ile terrain ni ya Leta," alisema. "Na mi njo niko nachunga mali ya Leta hapa. Tumepatia investisseur, atajenga hôtel. Ni maendeleo yenu."

"Mulituuliza?" Rosette alisema.

"Muko na document?"

"Tuko na migongo," Pulchérie alijibu. "Sisi njo tulitosha yale majiwe."

"Salongo ni lazima ya kila raia, mama. Haizalake titre ya udongo." Akatema kijiti. "Muandike barua ya demande. Tutaisoma."

Akageuka kuingia ndani. Hakutazama beseni hata moja.

Rosette alibaki akiutazama uwanja wa biro. Ulikuwa umefagiliwa vizuri, saruji tupu, jua limeujaa kona zote, mlingoti wa bendera katikati. Akatua mabeseni yake chini, akayamimina. Akapiga magoti, akaanza kutandaza kwa viganja, taratibu, kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake. Wenzake walitazamana. Halafu nao wakamimina.

"Mama Fanny, unafanya nini?" Henri alimuuliza Rosette.

"Naanika."

"Hapa ni kwa Leta, mama."

"Na kule ni kwa Leta. Chef amesema mwenyewe. Basi Leta ichague, kule ao hapa."

Harufu ilipofika madirishani, Casimir alitoka akifunika pua. Akamwamuru Henri afagie. Henri akachukua ufagio, akafagia jani moja lililokuwa mbali kabisa na samaki, akasimama.

"Ninyi ni bajinga," Casimir alisema.

Akaingia mwenyewe kwenye jeep ya biro, ile inayotiwa mafuta kwa ushuru wa hao hao wanawake wa soko. Akaipitisha katikati ya ndagala. Akarudi nyuma. Akapita tena, ndipo akatoka getini.

Pulchérie alilia kwa sauti, akimlaani kwa Kibembe, yeye na kiti chake. Rosette hakulia. Waliopondwa walikuwa wameshikamana na saruji, akawaacha. Wazima, labda nusu, aliwakusanya pembeni, akawatandaza upya, na jua lilipogeuka akawageuza. Hakuna aliyetoka ofisini kumfukuza. Kila aliyekuwa na haja ya kutoka alipitia nyuma.

Saa kumi na mbili jioni Henri alipuliza filimbi ya kushusha bendera. Barabarani kila kitu kikasimama: pikipiki, wasichana wenye madumu ya maji, mzee mmoja aliyevua kofia. Wenzake Rosette nao wakasimama wima, mikono chini. Ndivyo inavyotakiwa. Rosette mwenyewe alikuwa amesimama hivyo tangu utotoni, hata siku ile aliyokuwa akimkimbiza mtoto hospitali, mtoto anaungua homa mgongoni, na filimbi ikalia.

Jioni ile alibaki ameinama, anaokota samaki.

"Mama Fanny," Henri alinong'ona, kamba mkononi, macho juu. "Bendera."

Upande wa ziwa mwezi ulikuwa umeanza kutoka, mkubwa, mviringo.

"Niko naiona," Rosette alisema. "Na yenyewe inione."

Akachukua ndagala mwingine, akampuliza vumbi la tairi, akamtia kwenye beseni.