Mwaka Huu Hjørdis Hajapiga

…na kama angalau angeacha kuzungumzia bomba, Oddny anawaza, kama mzee huyu angenyamaza kwa pumzi mbili tu, asiseme bomba liliganda wapi na alilipasha moto kwa kitu gani, basi angelitamka lile alilolibeba tangu Tromsø, njia nzima, handaki baada ya handaki, akilirudiarudia kwa sauti ndani ya gari kama mtoto aliyetumwa dukani, Mama amekufa na tumeshamzika, Mama amekufa na tumeshamzika, basi, hayo tu, jiwe la kumtupia mtu usoni kisha ukageuza gari ukaenda zako, lakini Torleif amempa mgongo, amesimama mbele ya jiko la kuni, anajaza maji kwenye birika la kahawa na kusema, "Mwaka jana liliganda palepale, chini ya ngazi, nikamwambia jirani yangu Gunnvor, hilo bomba lina kichwa kigumu kuliko wewe," na anacheka peke yake, na Oddny hacheki, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa jina, funguo za gari kiganjani, goti linamchezacheza chini ya meza na hawezi kulizuia, na huyu ndiye baba yake, mgongo huu, sweta hili lililotoboka kiwiko, huyu ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani bandarini amwonyeshe meli, halafu siku moja hakuwapo, na sasa anauliza bila kugeuka, "Barabara ilikuwaje?" na yeye anajibu, "Nzuri," ingawa haikuwa nzuri, ilikuwa kioo kitupu cha barafu tangu daraja la mwisho, gari liliteleza mara moja na moyo ukaruka, akajisemea moyoni, sasa nife mimi naye abaki bila habari yoyote, itakuwa kichekesho… na mbona bonde hili limenyamaza hivi, hata mbwa halii, saa sita mchana na nje ni buluu tu, jua limekwishawaaga watu wa Skoddedalen mpaka Januari, nyumba zimekaa mbalimbali kando ya mto kama watu waliogombana zamani wakasahau sababu, kila dirisha na taa yake, na kila aliyepishana naye njiani alimwinulia mkono, mtu wa gari la kusukuma theluji, bibi mwenye kijigari cha kuteleza thelujini, wote, kana kwamba wanamjua, kana kwamba walikuwa wanamtarajia, na ule mkono ulioinuliwa ulimkera kuliko matusi, maana mtu amekuja na jiwe mfukoni, ninyi mnampungia mkono wa nini?

Birika limewekwa jikoni, kifuniko kinagonga kidogo kisha kinatulia, Torleif anaongeza kuni moja, anaipuliza ingawa moto umeshika, anaanza habari ya mnyama waliyemwinda Septemba, dume lenye pembe pana kama sinia, walimgawana nyumba kwa nyumba, "nina paja zima kwenye friza, utachukua kipande, utachukua, wewe mtu wa mjini unakula nini huko?" na Oddny anasikia neno moja tu, Septemba, Septemba wao walikuwa wodini, mama alikuwa mwepesi kama shuka aliyofunikwa, hata hivyo akiwakaripia wauguzi kwa kupika kahawa ya maji ya mvua, Septemba mama alifumba macho asubuhi moja, dada wa mama akauliza, "Baba yako ameambiwa?" na Oddny akasema, "Baba yangu yuko na milima yake," basi wakamzika bila yeye, upepo wa bahari ukipeperusha maua, na hata leo hajui kama ile ilikuwa haki au hasira tu… kwa sababu mama hakuwahi kumsema vibaya, hilo ndilo lililokuwa likimchoma, angemsema vibaya angalau wangekuwa wawili kwenye kundi moja, lakini kila Oddny alipouliza mama alikuwa akijibu vilevile, baba yako aliugua uzito wa moyo, baba yako alikuwa halali na haamki, nikamwambia nenda kwenu bondeni wiki moja ukapumue, kisha urudi, na ile wiki ikazaa nyingine, ikazaa mwaka, ikazaa maisha, Oddny akaota meno na kuyabadilisha, akaolewa na kuachika, wiki moja bado haijaisha, na mtu anayeugua uzito hupona au hafai, ndivyo alivyoamini akiwa na miaka kumi na mitano, na pengine ndivyo anavyoamini hata sasa, mbona huyu hapa amepona, anawinda, anataniana na majirani, ana akiba ya matunda ya kinamasi kabatini, chupa za rangi ya dhahabu zimepangwa kama askari, mtu mzima kabisa, sasa nani alimzuia kurudi? "Sukari unatumia?" anauliza Torleif. "Hapana." "Hata Hjørdis hatumii," anasema, na jina la mama linaanguka jikoni humo kama kijiko, wazi, bila aibu, *hatumii*, anasema hatumii, kana kwamba mama yuko pale Tromsø sasa hivi anakunywa kahawa yake chungu dirishani… sasa, mwambie sasa, Oddny anafungua kinywa.

Mlango unagongwa na kufunguliwa kwa pamoja, baridi inaingia kwanza, nyuma yake anaingia mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu, theluji viatuni, sahani imefunikwa kitambaa, "Torleif! Una mgeni au umenunua gari ukatuficha?" na Torleif anasema, "Mgeni, Gunnvor," na yule jirani anasema, "Mgeni! Wewe? Tangu lini? Watu wako wote wana miguu minne," kisha anamwona Oddny na uso unambadilika, unalainika, "Ndiye huyu? Ndiye Oddny? Jamani, pua ya babake ileile! Pole, binti yangu, ungeomba urithi mwingine," na Torleif anasema, "Pua hiyo imenusa hali ya hewa vizuri kuliko redio yako," na Gunnvor anamjibu, "Imenusa nini, juzi ulisema hakuna theluji, tukaamka milango imezibwa," na wanacheka, wanajua kuchekana, na Oddny anajikuta anatabasamu bila kupenda, halafu anaona haya kwa tabasamu hilo, mtu haji na msiba akatabasamu, lakini ametajwa, hilo ndilo linalomshika, *ndiye Oddny*, jina lake linajulikana humu, limekuwa likizungumzwa juu ya meza hii katika giza la mchana miaka yote ile aliyodhani amesahauliwa, limesemwa mpaka jirani analijua kwa pua, na Gunnvor anaweka sahani mezani, chapati laini za viazi zilizopakwa siagi na sukari, anasema, "Kula, umekonda, na mama yako je, hajambo?" na kabla Oddny hajavuta pumzi, kabla hata macho yake hayajainuka, Torleif amekwishasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Gunnvor, mlango, unapasha moto bonde zima," na Gunnvor anamtazama, anamtazama Oddny, anasema polepole, "Naenda, naenda, mimi sifukuzwi mara mbili," lakini Torleif ameinama kuchagua kuni ambazo jiko halizihitaji, basi Gunnvor anapita karibu na kiti cha Oddny, anamshika bega, anamnong'oneza, "Tangu theluji ianguke hali chakula, binti. Simu anakwenda nayo mpaka stoo ya kuni. Muulize wewe, mimi hanijibu," na mlango unafungwa.

Simu, kweli, simu iko kwenye kizingiti cha dirisha, imeegemezwa kioo, uso juu, imetandikiwa kitambaa kama kitu kinacholala, Oddny hakuiona alipoingia, aliona mtu asiyefaa tu na jiko lake, na sasa anasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, nyembamba, si ile ya garini, "Unangoja simu ya nani?" na Torleif anafungua kopo la kahawa, anachota kijiko, anamimina birikani, maji hata mvuke bado, anachota kingine, anasema kwa birika, si kwa binti yake, "Mama yako hakukwambia?" "Kuniambia nini?" "Huwa ananipigia. Theluji ya kwanza ikilala chini. Kila mwaka. Sisi huku tunaipata mapema kuliko ninyi wa pwani, basi yeye anaitazama kwenye habari, anapiga. Anauliza, imelala? Nasema imelala. Anauliza na wewe umeamka? Nasema nimeamka. Hayo tu. Halafu tunacheka kidogo, halafu anakata." Anachota kijiko kingine. "Mwaka huu imelala muda sasa. Hjørdis hajapiga." Na Oddny… balkoni, anaiona balkoni ya kule nyumbani, ghorofa ya tatu, mama ametoka na ndara miguuni, baridi ya Oktoba, mlango wa kioo umefungwa nyuma yake, simu sikioni, na Oddny mdogo na madaftari yake ya shule anauliza baadaye, ulikuwa unaongea na nani, na mama anasema, daktari wa meno, na mwaka unaofuata tena, daktari wa meno, na Oddny akiwa msichana mkubwa alikuwa akijiambia, daktari gani wa meno anachekesha hivi, mama ana bwana, ana bwana na ananificha, akapekua mikoba, akanusa makoti, akamchukia bwana huyo asiye na sura miaka mingi, kwa sababu mama alikuwa akirudi ndani mashavu mekundu, anapika keki katikati ya wiki, anaimba, siku moja tu kwa mwaka, halafu anakuwa tena mama wa siku zote, mama wa kanisa na wa madirisha yaliyosafishwa… na bwana alikuwa huyu, huyu mwenye sweta bovu, na lile swali, umeamka? mama alikuwa akiuliza mwaka baada ya mwaka kama mtu huyu bado anaamka asubuhi, kama bado yuko hai chini ya uzito wake, na akisikia yuko anapika keki, Mungu wangu, na mimi nilizila keki zile, Oddny anawaza, nilizila nikinuna.

Sasa goti limeacha kucheza na haoni kama limeacha, anamtazama mzee, anaona mkono unaochota kahawa, chembe zimemwagika juu ya jiko na kunukia kuungua, ameshaweka vijiko vingi, hiyo si kahawa tena ni lami, na hajageuka, tangu Oddny aingie hajamtazama usoni hata mara moja, alimpokea mlangoni akitazama viatu vyake, akatazama bomba, akatazama kuni, na Oddny anaelewa, inamwingia taratibu kama joto linavyorudi vidoleni, kwa maumivu, anajua, huyu anajua, alijua gari lilipokata kona pale kwenye masanduku ya barua na ndani yake akaona kichwa kimoja badala ya viwili, maana binti ambaye hakuja maisha yake yote haji mchana mmoja wa Novemba kwa sababu ya bomba, anajua na anaongea ili asiambiwe, kila neno la bomba, la paja la nyama, la sukari, ni kuni anayoongeza, maadamu hajasikia basi Hjørdis bado hatumii sukari, bado yuko, amechelewa tu kupiga, na mimi nilikuja kumnyang'anya hilo, Oddny anawaza, nilikuja mbio, nilikuwa na hamu… na lile jiwe, anajipapasa moyoni analitafuta, halioni, liko wapi, ameanza safari nalo na mahali fulani limeyeyuka na kuacha maji tu, kwa sababu watu wote waliomzika mama, dada yake, watu wa kanisa, wenzake wa kazini, walimsifu kwa uvumilivu na usafi, hakuna hata mmoja aliyetaja kicheko, hakuna aliyewahi kukisikia, duniani kote wamebaki wawili wanaojua Hjørdis alivyokuwa akicheka theluji ikilala, mmoja alikisikia kupitia kioo, mwingine sikioni, na huyo mwingine yupo hapa, anachota kahawa, na ikiwa nitamtupia neno na kuondoka nitakaa nacho na nani, kicheko hicho, nitakaa nacho na nani?

"Unatumia maziwa?" anauliza Torleif, bado anatazama birika, na Oddny anasema, "Kidogo," kisha anaziweka funguo mezani, anausogeza mguu wa kiti cha pili kwa soksi yake, kiti kinalia sakafuni, anasema, "Njoo ukae," na mzee anasema, "Maji bado," anasema haraka kama mtu anayeomba, "bado kabisa, Oddny, hayajaanza hata kuimba," na yeye anatazama ule mgongo, mabega yaliyokuwa juu kama minara ya bandari na sasa yameteremka, anatafuta yale maneno manne aliyoyazoea, anayaacha, yatakuja mengine, yataanzia balkoni, yataanzia ndara, ukweli utafika hata hivyo lakini utafika kwa miguu, si kwa kutupwa, na nje buluu ni ileile, moto ni uleule, hakuna lililosogea bondeni kote. "Najua bado," anasema. "Yaache yasichemke kwanza, baba. Njoo."