Wimbo wa Chelelgut

Ng'ombe wangu Chelelgut alikuwa hashushi maziwa bila wimbo, na wimbo wenyewe alitaka uimbwe na mimi. Mtu mwingine akikaa chini yake na ndoo, alifunga maziwa na kutazama ukuta, kama mgeni anayesubiri chai iliyochelewa. Fancy, mke wa mwanangu Kipkosgei, amejaribu tangu aolewe hapa kwetu Boito. Fancy ana mikono mizuri na moyo mzuri zaidi. Chelelgut alimpa maziwa ya kikombe kimoja, basi.

Hiyo haikuwa shida mpaka macho yangu yalipoingia ukungu. Daktari kule Kapkatet alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba atauondoa ukungu huo. Baada ya hapo nisiiname, nisibebe ndoo, nisikaribie vumbi la zizi mpaka jicho lipone. Binti yangu Chepchirchir anakaa karibu na hospitali, kwa hivyo nilipaswa kukaa kwake.

"Mama, tumuuze," Kipkosgei aliniambia jioni hiyo. "Asipokamuliwa vizuri ataugua kiwele, tutampoteza bure. Mageto amekuwa akimtaka." Mageto ni mtu anayenunua ng'ombe na kuwapeleka sokoni.

Hakusema kwa ubaya. Huyu ndiye mwana ambaye kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma majani chai, aliniwekea kigoda mahali pake na kupangusa umande kwa mkono wa sweta yake. Lakini Chelelgut ni binti wa Chesamo, na Chesamo alikuwa binti wa Chesirwa, na Chesirwa ndiye ng'ombe ambaye mama mkwe wangu, Bot Kiptum, alinikabidhi nilipofika hapa nikiwa bibi arusi. Wengine wote wa ukoo huo walikwenda na karo na magonjwa. Amebaki huyu mmoja mwenye mdomo mweupe.

 Mjukuu wangu Chepngeno, mtoto wa Kipkosgei na Fancy, ndiye aliyesema.

"Gogo, si nikurekodi tu? Mama akikamua, wimbo unacheza kwa spika."

Baba yake alicheka. "Sasa ng'ombe amekuwa msikilizaji wa redio."

"Wewe mpe mwezi mmoja, Baba. Usimwite Mageto kwanza."

Kipkosgei alimkubalia, kwa sababu hajui kumnyima huyo mtoto kitu.

Chepngeno anajifunza ufundi wa sauti katika studio moja mjini Kericho. Mwaka wa kwanza alifundishwa waya, upi unaingia wapi. Sasa, alivyonieleza, anafundishwa kusikia. Nilidhani anatania, maana masikio anayo tangu azaliwe. Lakini anasema kuna kusikia kwa kujifunza: kujua kwa sikio kama chumba ni cha mawe au cha mbao, kujua maiki ikae mbali kiasi gani na mdomo, na kupanga sauti nyingi ili kila moja ipate mahali pake pa kukaa bila kusukuma nyingine.

Studio iko juu ya duka la dawa za mifugo. Kuta zimefunikwa kwa sponji kama ya godoro, na mlango ni mnene hata ukifungwa unasikia damu yako mwenyewe. Tulifika asubuhi, kwa sababu mvua ya mchana ikianza kupiga mabati ya Kericho hakuna mashine inayoweza kuishinda.

Mwalimu wake anaitwa Joab. Watu wao walitoka upande wa ziwa. Baba yake, Seth, alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai, na Joab alizaliwa huko huko kwenye mashamba makubwa.

"Chamgei, Mama," alinisalimu.

"Chamgei mising," nikamjibu, nikashangaa jinsi Kipsigis chake, lugha yetu, kilivyonyooka kuliko cha wajukuu wangu.

Aliniona nikikinga macho kwa kiganja. Hakuuliza kitu, alikwenda tu akazima taa kubwa na kuacha ile ndogo ya pembeni. Jambo hilo sijalisahau.

Walinivika hedfoni juu ya kitambaa changu cha kanisa. Nikafungua mdomo mbele ya maiki, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kanisani kabisa, imesimama wima na viatu vimepigwa rangi.

Joab alisikiliza mpaka mwisho. "Mama, umeimba vizuri. Lakini huo ni wimbo wa Jumapili. Ng'ombe hawezi kuujua."

"Ndio wenyewe," nikasema. "Lakini umekataa kutoka."

"Ukiwa nyumbani, wakati unaimba, mikono inafanya nini?"

"Inakamua."

Alimtazama Chepngeno. Chepngeno akavua sweta yake, akaketi sakafuni mbele yangu na kuishika juu ya kichwa, mikono miwili ya sweta ikining'inia.

"Kamua, Gogo."

"Wewe ni ng'ombe gani? Hata pembe huna."

"Mimi ni wa gredi, wale wa kisasa wasio na pembe."

Joab alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi nikaishika ile mikono ya sweta, nikavuta mmoja, nikavuta mwingine, na kabla sijajua nimeanza, wimbo ulikuwa umekuja. Niliita jina la Chelelgut, nikaita la mama yake, nikaita la bibi yake, kama tunavyofanya, ili ng'ombe ajue anayemshika anawajua watu wake.

Katika giza lile dogo nilimwona Bot Kiptum.

Siku nilipokabidhiwa Chesirwa nilikuwa msichana niliyetoka kwa watu wengine, na ng'ombe alinijua kuwa mgeni kwa harufu tu. Alipiga teke ndoo. Nilingoja mama mkwe wangu agombe. Badala yake alivua shuka lake na kunifunga mabegani, shuka lenye harufu yake, ya moshi na siagi. Akaketi nyuma yangu, kifua chake kikigusa mgongo wangu, akaimba yeye huku nikikamua mimi. Kesho yake vile vile. Wengine katika boma walimcheka kwa kumlea mke wa mwanawe kama mtoto. Aliendelea kuimba.

Tulipomaliza kurekodi, Joab alinionyesha meza yenye vijiti vingi vya kusukuma juu na chini, kila sauti na kijiti chake. Aliweka kidole changu juu ya kile chenye sauti yangu.

"Kivute chini, Mama. Taratibu. Ukikishusha haraka, anayesikiliza anashtuka. Ukishusha polepole hajui sauti imeondoka saa ngapi. Hili linawashinda wanafunzi wengi."

"Ananisema mimi," Chepngeno alisema.

Wiki zilizofuata alikaa na wimbo huo kama mtu anayechambua mchele. Alikuja nyumbani na kompyuta yake, hedfoni masikioni, akirudia kipande kimoja mara nyingi sana. Hata akiosha vyombo midomo yake ilisogea. Kisha siku moja akaleta spika ndogo zizini, na sote tukaenda kutazama.

Nilisikia mwanamke akiimba kutoka ndani ya spika, msafi, mwenye mwangwi, kama amesimama katika kanisa kubwa la mawe. Chelelgut alisimamisha masikio. Akatazama ukuta, akatazama mlango, akakojoa.

"Umeanguka mtihani," Kipkosgei alimwambia binti yake.

Chepngeno aliinama akaichukua spika. Niliona amejikaza asilie, nikamwambia wimbo ulikuwa mzuri, nami nilikuwa nikisema kweli, ulikuwa mzuri kunishinda. Alimpigia Joab simu pale pale, akiwa amesimama kwenye samadi, na Joab akamwambia amchezee wimbo huo kwenye simu.

"Pumzi zake umezipeleka wapi?" tulimsikia akiuliza.

"Nimezitoa, Mwalimu. Na zile sauti za kugonga ulimi. Zilikuwa kelele."

"Umempangusa bibi yako mpaka ameisha. Mrudishe. Na huo mwangwi utoe, zizi la mbao halina mwangwi. Halafu hiyo spika umeiweka wapi?"

"Juu ya boriti."

"Bibi yako huwa anaimba akiwa kwenye boriti?"

Fancy aligeuka ili binti yake asimwone akicheka.

Chepngeno alirekebisha kila kitu. Alirudisha pumzi zangu na ulimi wangu, akaiweka spika chini, karibu na mbavu za ng'ombe, kimo cha mwanamke aliyeketi kwenye kigoda. Safari hii Chelelgut alisikiliza, akacheua, na Fancy akapata nusu ndoo. Nusu si kitu kizima, lakini nilikwenda Kapkatet na moyo mwepesi kidogo.

Jicho lilitolewa ukungu wake vizuri. Muuguzi aliyenifunga bandeji, mama mmoja anayeitwa Eddah, aliendelea kunishika mkono hata baada ya kumaliza kazi yake. Kisha nikakaa kwa Chepchirchir, nimeagizwa nitulie, nikasubiri habari za nyumbani kwa simu.

Habari hazikuwa nzuri. Mvua ilikata umeme, spika ikakosa chaji, na wimbo ukakatika katikati. Chelelgut alishtuka akamkanyaga Fancy mguu. Toka siku hiyo hata spika ikiimba hakuiamini. Kiwele kilianza kuwa na joto. Kipkosgei alinipigia mwenyewe.

"Mama, nimemwambia Mageto aje Jumamosi. Sitaki tumtese."

"Sawa," nikasema, kwa sababu alikuwa na haki. Kisha nikalala nikiwa nimeelekea ukutani, ili Chepchirchir asinione. Machozi si mazuri kwa jicho jipya.

Chepngeno alipopiga simu baadaye sikumlaumu kwa lolote. Nilitaka tu kuongea, na nilichoongea kilikuwa Bot Kiptum. Nilimsimulia habari ya shuka. Nilimsimulia alivyoimba nyuma yangu, mimi nikifuata kwa sauti ndogo, na jinsi asubuhi moja nilivyogeuka kumwuliza kitu nikakuta hayupo. Alikuwa amesimama mbali, kwenye uzio wa majani chai, akikata kuni.

"Alikuwa ameondoka saa ngapi?" Chepngeno aliuliza.

"Mpaka leo sijui. Alikuwa akipunguza sauti kila siku, kidogo, kidogo. Kumbe siku nyingi nilikuwa naimba peke yangu."

Nikasikia akisukuma kiti na kusimama.

"Gogo, ile sweta yako ya kukamulia iko wapi?"

"Nyuma ya mlango wa jikoni. Msiifue."

Sikusikia tena kutoka kwake isipokuwa salamu. Fancy aliniambia kwamba Joab amempa Chepngeno ruhusa akae nyumbani, na amemwazima betri kubwa ya studio ili spika isikatike. Nilipouliza ng'ombe anaendeleaje, Fancy alisema, "Mama, sisi tunakatazwa kuingia zizini. Tunaachiwa ndoo mlangoni." Sikuuliza zaidi. Mtu akiwa mbali na nyumba yake anajifunza kutouliza.

Jumamosi mchana mvua ilipiga kisha ikaacha. Nilijua ndio wakati wa kukamua, na nilijua Mageto huwa hachelewi. Simu ililia. Chepchirchir aliiweka kwenye sikio langu.

Hakuna aliyesema halo. Nilisikia kwanza mabati yakidondosha maji ya mwisho. Kisha nikasikia wimbo wangu ukiimbwa polepole, na chini yake maziwa, yale ya kwanza, membamba, yanayogonga sehemu ya chini ya ndoo kama kucha. Nilishika pumzi. Hayo hata Fancy alikuwa akiyapata. Wimbo ukamwita Chelelgut, ukamwita Chesamo, ukamwita Chesirwa, na polepole sauti ya ndoo ikabadilika. Ikawa nzito. Ikawa ile sauti ya maziwa yanayoangukia povu, ambayo hata ningekuwa kipofu wa macho yote mawili ningeijua.

"Chepngeno," nikasema, "zima spika kidogo nisikie maziwa vizuri."

Wimbo ulikatika. Maziwa hayakukatika.

"Gogo," alisema, akihema, "spika iko Kericho. Joab aliichukua Alhamisi. Nilikuwa nimeshaishusha sauti yako, kidogo kidogo, mpaka chini kabisa."

"Ni nani aliyekuwa akiimba?"

"Ni mimi."

 Nyuma yake nilimsikia Kipkosgei akimwambia mtu, "Mageto, maliza chai yako, hakuna ng'ombe hapa," na Mageto akijibu kwamba basi angalau apewe kikombe cha maziwa ya kwenda nayo.

"Endelea," nilimwambia mjukuu wangu. "Usimwache akisubiri."

Akaendelea. Niliusikiliza mpaka ndoo ikajaa. Alikuwa na sauti yake mwenyewe, changa, lakini alivuta pumzi pale ninapovuta mimi, mahali pamoja pa ajabu, katikati ya jina la Chesamo, ambapo mtu hana haja ya kupumua. Alikuwa amezitoa pumzi hizo na kuzirudisha moja moja kwa mkono wake, kwa hiyo alizijua kuliko mimi.

Mimi nami sikuzianzisha. Bot Kiptum alikuwa na kifua kibovu, moshi wa jikoni ulimsumbua maisha yake yote, na alipofika hapo, kwenye jina la mama wa ng'ombe anayekamuliwa, akiwa ameketi nyuma yangu, ilimbidi apumue. Nilikuwa nikiisikia hewa hiyo ikipita shingoni mwangu.