Vipimo vya Mama Mkwe

Mke wa mwanangu ni fundi cherehani, na mkono wake ni dawa. Lakini mwezi ule alimshonea mwalimu wa kwaya koti lenye mikono miwili ya kushoto. Mwalimu akainua mikono kuongoza wimbo. Mmoja ukakubali, wa pili ukamvuta nyuma kama kakamatwa na polisi. Wanakwaya wakacheka, fundi akalia.

Usingizi ulishamhama, tumbo linamkata, vidole vinatetemeka. Nikampeleka zahanati. Nesi akampima, akatikisa kichwa.

"Presha imepanda, dada. Mawazo hayo. Yakikosa mlango, yanatokea shingoni, tumboni, popote. Kila ukiumwa, andika saa na kilichotokea. Urudi Ijumaa. Isiposhuka, cherehani utaiweka kando."

Aiweke kando! Bora angemwambia aache kupumua. Njia nzima hakusema neno, nikasema mimi ya wawili.

Tangu hapo nikazidi kumsaidia. Nasimama nyuma yake: "Hapo umepitiliza." "Kaa wima, utapinda mgongo." "Enzi zetu tulishona kwa mkono, na presha hatukuijua." Upendo mtupu.

Jumatano kaenda kununua vifungo, nikafungua daftari lake la vipimo. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa nafuta vumbi, na vumbi lilikuwa ndani.

Ukurasa wa mwisho, juu: MAMA MKWE. Chini yake: Shingo 3. Bega 4. Tumbo 6. Kichwa 9 na nusu.

Moyo ukaniruka. Kumbe ananishonea gauni kimyakimya! Ila shingo inchi tatu, mimi kuku? Na gauni gani linapimwa kichwa? Nikavaa miwani, nikasoma maandishi madogo ya pembeni. *Saa tatu, shingo: mama kasema nimepitiliza. Saa nne, bega: mama kasimama nyuma. Saa sita, tumbo: enzi zetu.* Saa tisa na nusu kaandika tu, *mama*. Na Jumanne, siku niliyokwenda kwa mdogo wangu: *Siumwi popote.*

Nikakaa chini.

Aliporudi na vifungo, nikafunga mdomo. Akashona mfuko juu chini, nikameza. Wali ukaungua, nikala. Mwanangu akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikatikisa kichwa. Mkewe ananitazama kama anayemtazama paka aliyekataa samaki. Alhamisi nikamsikia anaimba huku anashona.

Ijumaa nesi akapima. "Imeshuka! Cherehani yako endelea nayo. Umefanyaje?"

"Nyumba imetulia tu," akajibu, macho chini.

"Na bibi tumpime, maadamu yupo." Akanipima. Akarudia. "Bibi! Sasa yako ndiyo iko juu. Una nini?"

"Maneno, mwanangu. Ya siku mbili."

Mke wa mwanangu akanigeukia. "Mama, umesoma daftari langu."

"Nilikuwa nafuta vumbi."

Akajiuma midomo, kicheko kikamponyoka. "Haya, sema. Lakini moja kwa siku, mama. Moja!"

Nikayapanga yote, nikachagua linaloniwasha zaidi.

"Nesi, sketi yako imefumuka nyuma."

Nesi akajishika. Mke wa mwanangu akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akatoa sindano kwenye mkoba, akamgeuza nesi, akaanza kushona. Vidole vimetulia tuli. Sketi ya buluu, uzi kaweka wa kijani.

Nikanyamaza. La leo nimeshalitumia, na la kesho ninalo tayari.