Taa ya Ngazini

...na ile balbu ya ngazini aliilegeza yeye mwenyewe, kwa mkono huuhuu unaoshika kikombe sasa, hakuna aliyemwomba, alisimama juu ya ngazi ya kushukia chumba cha chini anakolala Reid, akanyoosha mkono, akaizungusha kidogo kwenda kushoto mpaka ikazima, kisha akashuka gizani na bakuli la supu bila kujikwaa, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, na sasa Lyle anamuuliza, "Dada Stefa, wewe ndiye unayeishi naye, hebu tuambie, bega la Reid limepona au bado?" na meza yote imemgeukia, meza hii ya kahawa ya kila asubuhi ya majira ya baridi, na nyuma ya kioo cha mgahawa lile gari la kulainisha barafu linazunguka uwanjani polepole, likiacha nyuma yake ukanda uliolowa unaong'aa, na Stefa Hrynkiw anaufuata ukanda huo kwa macho ili asimtazame mtu... bega, wameuliza bega, na bega limepona, hilo anaweza kulijibu bila kusema uongo hata chembe, limepona tangu kabla ya Krismasi, alimwona akibeba gunia la viazi kwa bega hilohilo, kwa hiyo angesema limepona, akanywa kahawa yake, na Lyle angechukua simu yake iliyolala mezani uso juu kama mgonjwa anayesubiri daktari, angempigia mkwewe Curtis, na Curtis ndiye meneja wa Mwewe, timu ya mji ya mpira wa magongo wa barafuni, na mchana huu dirisha la usajili linafungwa, na kufikia jioni Reid Desjarlais, beki wa kushoto, angekuwa njiani kwenda Ridgeway na mifuko yake miwili na magongo yake yamefungwa kamba, kwenye timu inayoongoza ligi, anakotaka kwenda, anakokuota.

"Mwache mama wa watu anywe kahawa," anasema Elmer Toews, ambaye ameuza shamba lake la ngano lakini hajauza kofia ya shambani, "na hata kama bega limepona, Lyle, ukimtoa Reid nyuma unabaki na nani? Yule mrefu? Yule akigeuka ni kama trekta lenye trela, mpaka amalize kona wapinzani wameshafunga goli na kupongezana," "Tunapewa mafowadi wawili badala yake, Elmer, wawili! Sisi hatufungi magoli, tunakaba tu, tunakaba mpaka watazamaji wanasinzia," "Kukaba ndiko kulikotufikisha nafasi ya nne," "Na nafasi ya nne wanapewa nini? Wanapewa kikombe? Wanapewa pole," "Ulisema hivyohivyo tulipomtoa yule kipa, ukasema tuna mwingine, huyo mwingine akapitisha mpaka upepo," na Doreen wa mgahawa anapita na birika, anawamiminia bila kuuliza, anasema, "Basi ingieni nyie mkacheze, na nyonga zenu za bandia hizo, mkianguka tutawakusanya kwa fagio," wanacheka, Stefa naye anacheka kidogo maana uso wake unajua pa kucheka, na macho yake yanapanda ukutani, kwenye misumari ya vikombe, kila mtu wa meza hii ana msumari wake na kikombe chake, na wa mwisho kushoto ni wa Petro, kaka yake, kikombe cha bluu chenye jina lake kwa rangi nyeupe, hakuna aliyekiondoa miaka yote hii, Doreen hukishusha kila Pasaka akakiosha na kukirudisha, na juu ya kikombe ni picha, Petro ana mshono kutoka puani mpaka shavuni, anacheka bila meno ya mbele, na mikono ya wenzake imembeba.

Hadithi ya picha hiyo mwenye nayo ni Stefa, hilo linajulikana mji mzima wa Karpen, kama linavyojulikana kwamba yeye ndiye anayejua nani alizaliwa kwa nani, nani alifunga ndoa kabla ya mavuno na nani baada, binamu zake wakikosea humsahihisha hata matangani, haikuwa Pasaka ile, ilikuwa Jumapili ya Matawi, shangazi hakuja na treni, alikuja na gari la maziwa... na kila mwaka wachezaji wapya wanapofika, vijana wa kutoka mbali wanaogawanywa katika nyumba za mji walale na kula kama watoto wa nyumba hizo, kunakuwa na chakula cha jioni cha kuwakaribisha, pirogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na kabichi iliyoviringwa, na baada ya kula mtu husema, Stefa, tusimulie habari za Petro, naye husimama, hapendi kusimama mbele za watu lakini kwa hili husimama, akasimulia fainali ile, dakika za mwisho, jinsi adui alivyovuta gongo nyuma na Petro akajitupa mbele ya goli, kile kisahani cha mpira mgumu kikampiga usoni, damu juu ya barafu, na jinsi alivyoinuka, akapanguswa, akarudi akamaliza mechi, Mwewe wakachukua kombe, na hapo watu hupiga meza kwa viganja, na hapo yeye huketi. Huketi hapo kila mwaka. Hajawahi kupita hapo hata kwa neno moja... na Reid, usiku wake wa kwanza, mwenye miaka kumi na saba wakati ule na shingo nyembamba kama ya bata, alibaki amesimama chini ya picha wenzake walipokwenda kuchukua keki, akasema bila kumgeukia, "Hata mimi ningefanya hivyo, mama Stefa," naye alifurahi, Mungu anajua, alifurahi, alimwongezea kabichi.

Mama alikuwa hasemi balbu, alikuwa anasema taa, "Stefa, nenda ukailegeze ile taa ya ngazini, Petro amechoka," na Stefa mdogo alipanda juu ya kiti, akailegeza, maana Petro alilala chumba cha chini majira yote ya kuchipua baada ya kombe, blanketi limepigiliwa dirishani, na sahani zilipooshwa zilioshwa kwenye taulo zisigongane, na daktari wa mji alikuwa shabiki kama wengine, alishona shavu akasema kijana ana kichwa kigumu, na watu walileta keki mlangoni, mama akazipokea na kusema amechoka tu, ameichezea timu vya kutosha acha achoke... amechoka, neno hilo lilitumika mpaka likaisha, Petro aliporudi uwanjani kabla rangi haijamrudia usoni kwa sababu Mwewe hawakuwa na beki mwingine, alikuwa amechoka, alipoacha lori linanguruma katikati ya shamba akarudi nyumbani kwa miguu bila kujua ameacha nini, alikuwa amechoka, alipomuuliza mkewe jambo moja mezani, akajibiwa, akauliza tena, akajibiwa, akauliza tena akapiga ukuta kwa ngumi kwa sababu walikuwa wanamtazama, alichoka, na yule mke alipoondoka na watoto mama alisema naye amechoka, na kwenye wodi ile ya mjini, mwishoni, hajafika hata miaka hamsini, alimshika Stefa mkono akamwita mama, akamwomba amzimie taa, na taa ilikuwa haijawashwa, ilikuwa ni jua tu la dirishani... nyuma ya picha ya ukutani Stefa ameandika majina ya wote walioinua mikono kumbeba, kwa mwandiko safi, kutoka kushoto kwenda kulia, hakukosea hata mmoja.

"Skauti mmoja, msaka vipaji wa ligi kubwa, amekwenda Ridgeway kila mechi mwezi huu," anasema Lyle, "kijana anastahili, Elmer, acha uchoyo, wewe unataka abaki hapa akuzibie uchochoro mpaka azeeke," "Mimi nataka ukuta, Lyle, nyumba haijengwi kwa madirisha matupu," "Basi kauoe huo ukuta," na Stefa anasikia neno uchoyo likimzunguka na kutua kwake, kwa sababu huo ndio mtego wenyewe, je, kama ni uchoyo? Nyumba yake ina vyumba vinne na sauti moja, kabla ya Reid alikuwa anaacha redio imewashwa jikoni ili akiingia akute mtu, na tangu Reid aje kuna viatu mlangoni, kuna mtu wa kumwambia mama Stefa maziwa yameisha, akisema anachokijua leo asubuhi watasema mjane yule hataki kuachia, na Reid mwenyewe atasema hivyo, Reid atakuwa wa kwanza kusema... jana, Stefa alipomkuta ameketi chini sakafuni na taulo limesukumwa chini ya mlango ili hata uzi wa mwanga usipite, alimwambia, "Naomba, mama Stefa, usiseme, siku chache tu, kule maskauti wanakaa mstari mzima, huku skauti akija ujue amepotea njia," akajaribu kucheka, akashika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba kicheko kingekimwaga, na yeye akasema sawa, ule supu. Sawa! Jumamosi Reid alibamizwa kwenye ukuta wa mbao pale kona, pale pale gari la barafu linapopita sasa, kofia ikagonga kioo kwa mlio uliofanya watu waseme oooh kwa raha, akainuka haraka, daktari wa timu akamuuliza maswali kwenye benchi, leo siku gani, matokeo ni mangapi kwa mangapi, akajibu yote, ni kijana mwerevu, tena alikuwa ameyasoma ubaoni, akarudi barafuni, na wote walipiga viganja, Elmer alipiga, Lyle alipiga, Stefa alipiga viganja vyake hivi, na usiku Reid akatapika kwenye sinki akisingizia kabichi.

Ungesema hayo yote bado ni uchovu. Ungeweza. Kama si asubuhi ya leo, Reid amesimama jikoni na kiatu mguu mmoja, kingine mkononi, anamuuliza kwa adabu yake ileile, "Mama Stefa, mama yangu hajapiga simu?" na mama yake alikuwa amepiga jana jioni, walizungumza karibu saa nzima, Stefa alimsikia kutoka juu akicheka habari za mbwa wa nyumbani aliyetumbukia mtoni, akamjibu, "Amepiga jana, mwanangu, mmeongea," na Reid akasema, "Ah, ndiyo, kweli," haraka mno, akainama kufunga kamba za kiatu, akazifunga, akainuka, akauliza, "Hajapiga?" na huyo mama, Bernadette, wa kule kaskazini ambako barabara inakwisha na lililobaki ni ziwa, mama ambaye Stefa hajawahi kumwona uso kwa uso, siku ya kwanza alimwambia kwa simu, "Mimi siko huko, wewe ndiye macho yangu," na kila Jumapili huuliza, "Anakula?" na Stefa hujibu, "Anakula," na jibu hilo ni la kweli pia, kama la bega... nyumba ya kina Stefa imejaa majibu ya kweli, mama yake alikuwa nayo kabatini kama vikombe vya wageni, Petro alimaliza mechi, kweli, Petro alichukua kombe, kweli, majina nyuma ya picha ni sahihi, kweli, na mkono wa mtoto juu ya kiti ukizungusha balbu ulikuwa ni mkono mzuri wa mtoto mtiifu, na jana mkono huohuo, umekunjamana, ulijua njia wenyewe, haukumuuliza mwenyewe, ulinyooka gizani ukaikuta balbu pale pale kana kwamba ilikuwa inaungoja.

Kwa hiyo si kubaki wala kuondoka, anawaza, si suala la Ridgeway na mafowadi wawili, akisema, Reid hatakwenda Ridgeway lakini pia hatabaki Mwewe, atarudi kwao kaskazini alale chumba chenye pazia mpaka kichwa kitulie, na huenda asicheze tena, na huenda asimsamehe, viatu vitaondoka mlangoni vyovyote iwavyo, redio itarudi jikoni... basi si uchoyo. Hilo limekwisha. Ajabu jinsi linavyokwisha, bila kelele, na kahawa bado ya moto, na gari la barafu halijamaliza hata duara moja.

"Dada Stefa?" Lyle ameinamia meza, ana macho ya kirafiki, aliliendesha basi la timu miaka mingi na hakuna kijana aliyemlaza njaa, si mtu mbaya, hapa hakuna mtu mbaya, hilo ndilo gumu, "umetupotea. Nimeuliza bega tu."

"Bega limepona," anasema Stefa.

"Si nilikwambia!" Lyle anampiga Elmer begani kwa furaha, mkono wake mwingine unakwenda kwenye simu, na unaikuta simu imefunikwa, kiganja cha Stefa kiko juu yake, chembamba, kina madoa ya uzee, kimetulia, na Doreen anasimama na birika hewani, na Stefa hamtazami yeyote, anatazama juu, kwenye kikombe cha bluu na meno yasiyokuwepo.

"Ile habari ya Petro," anasema, "sijawahi kuimaliza. Kaa chini, Doreen. Kulikuwa na balbu."