Mamba, Kobe na Nyoka wa Meksiko

Mwalimu Apolonia, Mhaya aliyehamia Mtoni pamoja na mumewe Projestus, aliwaogopa wanyama watambaao. Mjusi akidondoka kutoka darini, yeye alikuwa wa kwanza kupanda kitandani. Lakini kwenye stempu aliwapenda kuliko kitu chochote.

Chanzo kilikuwa jirani yao Jabiri, baharia, aliyerudi kutoka safarini akampa bahasha ya Shelisheli yenye stempu ya kobe. Kobe yule alinyoosha shingo kama mtu anayesikiliza hodi. Apolonia aliibandua, akaitunza. Tangu hapo akawa anawaandikia walimu wenzake wa nchi za mbali, akiwaomba mijusi, mamba na nyoka. Majibu yalikuja polepole, lakini yalikuja. Majirani walimwona wa ajabu, na Projestus alimtania kwamba nyumba imegeuka pango.

Mwaka 1953 chama cha wakusanya stempu mjini kilitangaza maonyesho, na Apolonia akajiandikisha na mkusanyo wake wa watambaao; kanuni ilitaka kila mkusanyo uwe wa aina moja tu ya wanyama au vitu. Siku chache kabla, mvua ya masika ilipenya paa la makuti ikalowesha albamu yote. Kurasa ziligandana. Apolonia alikaa sakafuni, akasema basi, haendi tena.

Projestus hakubishana naye. Alileta beseni la maji safi, akazamisha ukurasa wa kwanza, akangoja gundi ilainike, kisha akainua stempu kwa ncha ya kidole na kuilaza kwenye kitambaa. Mamba wa Borneo alitoka mzima. Hapo Apolonia akakunja mikono ya gauni, akasogea. Hadi jua linazama, kanga zake zote zilikuwa zimetandazwa chumbani, na wanyama wake wamelala juu yazo wakikauka.

Ukumbini, mwamuzi mmoja, Mzungu mwenye miwani, alikagua meza yake kwa makini, akasimama penye stempu ya Meksiko: tai aliyemkamata nyoka mdomoni. Alisema hiyo ni stempu ya ndege, kwa hiyo mkusanyo umevunja kanuni na hauwezi kushindanishwa.

Apolonia hakurudi nyuma.

"Bwana, mwondoe huyo nyoka," alisema. "Tai atabaki na nini mdomoni?"

Kicheko kilianzia kwa mwamuzi wa pili, bibi mmoja mtu mzima, kikaenea ukumbi mzima. Waamuzi wakateta kando. Waliporudi, yule wa miwani mwenyewe ndiye aliyebandika utepe wa mshindi wa kwanza mezani pale. Alimpa Apolonia mkono, akamwomba anwani ya mwalimu wa Meksiko aliyemtumia stempu ile.

Habari zilifika Mtoni kabla ya Apolonia na mumewe. Tunu, mke wa Jabiri, aliwapokea kwa vigelegele tangu kituo cha basi, na barazani watu walikuwa wamejaa, kila mmoja akitaka kumwona huyo nyoka. Apolonia alifungua albamu magotini. Projestus, kifua mbele, aliwaambia watu wapange foleni.