Usingizi wa Baba Rukaiya

Siku Sadala alipomwoza bintiye, msikiti wa Mtawanya ulifurika mpaka barazani. Mkulima huyo wa korosho, shingo nene na kitambi cha heshima, alishikana mkono na bwana harusi, Twalibu. Sheikh Bashiru akamwambia, "Sema: nimekuoza binti yangu Rukaiya."

Kimya.

"Sadala, sema!"

Sadala akajibu kwa mkoromo. Twalibu akamminya kiganja, naye akazinduka na kupaza sauti: "Nimekubali!"

Maneno ya bwana harusi hayo! Watu wakavunjika mbavu. Ikabidi ndoa ianzwe upya.

Sadala alicheka na wenzake, lakini aliporudi nyumbani haya zikamjaa. Akamwambia mkewe, Zaitun, jambo alilolificha: wiki iliyopita alisinzia juu ya pikipiki njia ya Kibiti, akashtukia yumo katikati ya mihogo ya watu.

"Nami kila siku nalala saa nane nzima," akalalamika.

"Hulali wewe, Baba Rukaiya. Unakoroma, mara pumzi inakatika, nyumba yote kimya. Nakutikisa, unashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Mwaka wa pili huu nakulinda."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema wanaume wote hukoroma."

Kesho yake wakapanda gari hadi Kibiti. Daktari Mwanaheri alimuuliza Sadala analalaje.

"Vizuri tu."

Daktari akamgeukia Zaitun. Mama wa watu akajilaza kwenye kiti, akakoroma, akabana pumzi mpaka macho yakamtoka, kisha akagutuka kwa kishindo. Daktari alicheka hadi akavua miwani. Alipompima Sadala presha, kicheko kikaisha.

"Ukisinzia, koo linalegea na kuziba njia ya hewa," akamweleza. "Mwili unakuamsha upumue, tena mara nyingi, wewe hujui. Ndiyo maana mchana umechoka. Pikipiki weka chini kwanza."

Akampa dawa ya presha na barua ya kwenda Dar es Salaam kupimwa usingizi. Huko walimlaza usiku kucha na nyaya mwilini. Majibu yakasema tatizo halijawa kubwa, ila linamzidi akilala chali. Alale ubavu, apunguze mwili, asile wali mwingi akakimbilia kitandani. Hayo yasipotosha, kuna mashine ya kumsukumia hewa.

Zaitun akashona mfuko mgongoni mwa fulana ya mumewe, akatia mpira wa matambara. Kila Sadala alipogeuka chali, mpira ulimsukuma.

"Umenivalisha nundu!" alinung'unika siku za mwanzo. Hata hivyo aliivaa, na shambani akawa anakwenda kwa miguu.

Mwezi wa tatu tangu hapo, asubuhi moja, Zaitun alijilaza kidogo baada ya swala ya alfajiri. Alipofumbua macho jua lilikuwa juu, na mumewe, mchangamfu, amesimama mlangoni na birika la chai.

"Mama Rukaiya, saa tatu hii! Unaumwa?"

Zaitun akavuta shuka hadi kidevuni.

"Siumwi. Mimina chai, kisha nifungie mlango. Zamu yangu hii."